Kimya cha Jumapili, Saa Kumi

Mwalimu hakuwahi kulijua jina langu, na kusema kweli sidhani kama alijaribu. Siku ya kwanza alipoingia darasani kwetu, shule ya msingi kule Ganda, alitupanga mstari akatuimbisha mmoja mmoja. Alipofika kwangu aliinamisha kichwa, akasikiliza, akasema, "Sauti ya Pili," akapita. Basi, nikawa Sauti ya Pili. Aliniita hivyo nikiwa na sare iliyofumuka pindo, akaniita hivyo siku ya harusi yangu mbele ya wakwe, mpaka mama mkwe akanivuta pembeni kuniuliza Sauti ya Kwanza ni nani na anakaa wapi. Kwa hiyo nami hapa sitalitaja jina lake. Tumelipana.

Wala sitaeleza alikozaliwa, maana sijui, na wanaosema wanajua wanapingana. Watu wa mji wa kale wa Malindi wanasema ni wao, kwa sababu Kiswahili chake kimenyooka na hatoki nje bila kanga mbili. Wazee wa Ganda wanasema ni wao, kwa sababu anasalimia Kigiriama vizuri kuliko wajukuu wao na hakatai muhogo. Watu wa bara waliohamia huku kikazi nao wanasema ni wao, kwa sababu kwaya yao ya kanisa imepita mikononi mwake. Alhamisi aliwafundisha watoto wa madrasa kasida, Jumamosi akaifundisha kwaya, na wote aliwakaripia sawasawa. Ukimwuliza mwenyewe anakotoka, anakwambia anatoka jikoni.

Namwandika kwa sababu kuna jambo nilimtendea. Mwalimu alikuwa na saa moja redioni kila Jumapili, saa moja tu, na nusura tumnyang'anye. Nikisema sisi, nasema redio yetu ndogo ya Malindi iliyo juu ya duka la mabati, ambako mimi ni fundi mitambo. Mkono uliotumika ulikuwa huu ninaoandikia. Nitafika huko, lakini kwanza mumjue, msije mkamwonea huruma bure. Si mtu wa kuonewa huruma yule.

Shuleni hatukuwa na piano wala ubao wa muziki. Mwalimu aliomba kamba tano za katani, akazifunga moja juu ya nyingine kati ya mivinje miwili nyuma ya nyumba za walimu, akatundika soksi zake. Soksi ikiwa kamba ya chini, uimbe hivi. Ikiwa kamba ya pili, uimbe hivi. Ikiwa katikati ya kamba mbili, imefungwa kwa uzi, ina sauti yake nayo. Ndani ya muhula mmoja tulikuwa tunasoma soksi bila kubabaika. Tatizo ni kwamba wake za walimu wengine waliona kamba nzuri zimekaa bure, nao wakaanza kuanika. Nasi watoto, tukipita kwenda kisimani, tuliimba chochote kilichoanikwa. Siku moja tuliimba nguo za ndani za mwalimu mkuu, zote saba, kwa sauti mbili, na mke wake akatoka na ufagio.

"Mwalimu! Njoo uone adabu ya watoto wako!"

Mwalimu alitoka, akazitazama zile kamba kwa makini, akatugeukia. "Mmeimba sawa," akasema. "Ila ile ya mwisho mmeipandisha."

Akaturudisha mwanzo, na mke wa mwalimu mkuu akabaki amesimama na ufagio wake tukiimba upya. Miaka mingi baadaye mama yule alinikuta sokoni akakiri kwamba tangu siku ile kila akianika nguo huzitazama mara mbili, asije akaanika kitu kibaya.

Nyumbani nako hatukupona. Alitufundisha kuhesabu mapigo kwa kukuna nazi. Kila msichana na hata wavulana walipewa kazi ya nyumbani: kaa juu ya mbuzi, kuna nazi kwa tatu tatu, mkono wa kwanza uwe mzito na miwili ifuatayo iwe miepesi. Mama yangu alivumilia siku mbili. Siku ya tatu alifunga safari hadi shuleni.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Huyu mtoto wako wa muziki anakuna nazi anacheza. Jana tumekula mchana jua limeshainama. Na baba yake naye siku hizi anapalilia mahindi kwa tatu tatu, anasema mgongo haumuumi."

"Basi baba yake kaelewa," Mwalimu alijibu. "Mwambie aje kwaya."

Baba hakuenda kwaya. Lakini mpaka leo anapalilia vile vile, na ukimwuliza anasema ni mtindo wake mwenyewe.

Sifa kwake zilikuwa adimu. Uimbe upasue mawingu, ungepata kichwa kilichoinamishwa na neno moja: "Hukuharibu." Hiyo ndiyo ilikuwa tuzo kubwa kuliko zote. Kuna watu wazima hapa Malindi, wenye maduka na wajukuu, wanaokumbuka tarehe waliyoambiwa "hukuharibu." Mimi niliambiwa mara mbili, na mara ya pili nina hakika alinichanganya na mwingine.

Na alikuwa na tabia hii ya kufumba macho. Muziki ukianza, wake au wa mwingine, anafumba macho tangu mwanzo mpaka mwisho. Anasema macho yana wivu, yakiona masikio yanafaidi yanaleta fujo. Darasani tulifurahi, tukadhani tumepata mwanya wa kufinyana. Lakini wimbo ukiisha angesema, bila kufumbua, "Sauti ya Tatu, mwache mwenzako ukosi wake." Tuliamini kabisa kwamba anasikia vidole vikifinya.

Kisha kuna lile neno lake. Watoto wakimaliza kuimba, wazazi wanataka kupiga makofi mara moja, wengine hata kabla ya noti ya mwisho kukatika. Mwalimu angeinua kidole kimoja, kile cha shahada, na kusema, "Bado." Tungekaa kimya, ukumbi mzima, tunasikiliza wimbo ukiondoka. Ndipo anashusha kidole na watu wanapiga makofi. Aliniambia kwamba kuimba ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni hicho kimya, na ndiyo nusu ambayo watu huiiba.

Msidhani alikuwa mtu mmoja asiyepinda. Alichukia vipaza sauti vya harusi kwa chuki ya dhati, aliviita adui wa masikio ya umma, lakini chakacha ikipigwa kiuno chake hakikumtii, na nimeona kwa macho yangu akikatika mbele ya spika aliyoitukana asubuhi ile ile. Alitukataza kuimba tukila, naye alimumunya wimbo na mbaazi mdomoni. Alisema mpiga kinanda lazima awe na chombo kizuri, na chake ndicho kilikuwa kibovu kuliko vyote vya pwani hii. Ilikuwa piano nzee iliyoliwa na hewa ya chumvi, na funguo kadhaa zilikuwa bubu. Fundi alipomwambia haitengenezeki, Mwalimu hakusikitika. Alipofika kwenye ufunguo bubu aliimba ile sauti kwa mdomo na kuendelea, kwa hiyo ukimsikiliza ulisikia piano, piano, mama, piano, mama, piano. Tulipokuwa wadogo tulidhani ndivyo piano inavyopigwa.

Redioni aliingia baada ya kustaafu. Mtaliano mmoja mzee, jirani yake, alikuwa anarudi kwao, naye kwa miaka alikuwa amekula achari ya embe ya Mwalimu bila kumpa kitu. Siku ya kuondoka alimletea sanduku la bati limejaa sidii, muziki wa kale wa kwao na wa majirani zao, wa fidla na zumari na okestra nzima. Mwalimu alizisikiliza zote, ikamchukua karibu mwaka. Kisha akapanda ngazi zetu na lile sanduku, akamwambia meneja wa wakati ule, "Nipe saa moja. Watu wa hapa wana masikio, hawana cha kuyalisha."

Akapewa Jumapili saa kumi alasiri, saa ambayo hakuna aliyeitaka. Nami nilikuwa nyuma ya kioo. Alinitazama akasema, "Ala! Sauti ya Pili, kumbe uko hai," na kipindi kikaanza.

Nani angedhani muziki ule ungeshika Ganda? Ulishika kwa sababu ya namna alivyoueleza. Hakusema mtungaji alizaliwa wapi. Mambo ya kuzaliwa hayakumshughulisha, si ya kwake wala ya wengine. Alisema hivi, hewani, kwa ile sauti yake ya polepole: "Sasa sikilizeni hizi fidla. Yule wa juu ni mke. Analalamika, samaki ameletwa bila ndimu. Yule wa chini, mnene, ndiye mume, anajibu neno moja moja. Haya, ngojeni... ngojeni... mmesikia zumari? Mama mkwe kaingia." Na kweli, ungeisikia zumari ikiingia na fidla zote zikinyamaza kwa adabu. Jumatatu watu walibishana sokoni nani alikuwa na haki, mke au mume. Waliokosa kipindi walisimuliwa kama waliokosa harusi.

Shida yetu ilikuwa kimya. Muziki ule una sehemu. Sehemu moja ikiisha panakuwa na kimya, kisha inaanza nyingine. Na kompyuta yetu ya redio ilitegwa kwamba ikisikia kimya kwa sekunde nane, iamini mitambo imekufa na kuweka tangazo yenyewe. Jumapili ya kwanza, sehemu ya polepole, ile ya kuvuta machozi, ilimalizika, Mwalimu akainua kidole, na sauti nene ya mwanamume ikalipuka hewani: "Lala fofofo! Godoro lisilobonyea!" Mwalimu hakufumbua macho. Lakini kwa miezi mzee mmoja wa Ganda alikuwa akipiga simu kuomba tumpigie tena ule muziki wa godoro, akisema mwisho wake ndio ulimgusa.

Tangu hapo kazi yangu kubwa Jumapili ikawa kuizima ile mashine na kulinda kimya. Wasikilizaji nao walihitaji kufundwa. Kila sehemu ilipoisha simu za ofisi zilifurika. "Mmezimika!" "Haloo, hamko hewani!" Fundi cherehani mmoja wa sokoni, mwenye redio kubwa kuliko zote za mtaa ule, aliipiga yake kofi mpaka ikavunjika mkono wa kushikia. Mwalimu alilimaliza jambo hilo Jumapili moja.

"Wapenzi wasikilizaji," alisema, "mkisikia kimya, msipige simu. Msipige redio. Msipige makofi. Semeni bado, mkae. Muziki haujaenda popote, unavuta pumzi."

Wakafundika. Ilichukua muda, lakini simu zilipungua, zikawa mbili tatu, kisha hakuna. Nilipita sokoni Jumapili moja wakati niko likizo, nikamwona yule fundi cherehani ameinua mguu juu ya pedali, anangoja. Mama wa mahamri wa kando yake alikuwa ameinua mwiko juu ya karai. Aliyekuwa akiuza kahawa, ambaye kwa miaka hakuwa akisalimiana na fundi cherehani kwa sababu ya ugomvi wa mtaro wa maji, alikuwa amekaa kwenye kigoda cha fundi, kwani redio ilikuwa ya fundi na waya wa umeme ulitoka kwake muuza kahawa. Hawakusemezana hata siku ile. Walikaa tu bega kwa bega, wameinamisha vichwa kama yeye, wakisikiliza kimya. Nilisimama pale nikiwa na mfuko wa nyanya, nikahisi fahari kana kwamba kile kimya nilikitengeneza mimi.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Tulipata meneja mpya. Si mtu mbaya, na nataka ieleweke hivyo. Alitaka redio iishi, na kila kipindi alikipima kwa simu na ujumbe wa wasikilizaji. Kipindi cha salamu kilikuwa na simu nyingi. Kipindi cha mpira kilikuwa nazo mpaka zikakwama. Akauliza cha Mwalimu kina ngapi. Nikamwambia hakina, nikajaribu kumweleza kwa nini, lakini maelezo yangu yalisikika ovyo hata masikioni mwangu mwenyewe. Wanasikiliza sana, ndiyo maana hawapigi. Nani ataelewa hayo?

"Dada," aliniambia Ijumaa ile, kwa upole, "tufanye jaribio. Jumapili ikifika saa kumi na robo, shusha sauti yote ya kwenda hewani. Yeye aendelee humo ndani, usimwambie. Tuone nani atapiga kuuliza. Akipiga hata mmoja, kipindi kinabaki. Asipopiga mtu, saa ile naipa ubashiri wa mpira."

Ningeweza kukataa. Nimeyarudia mara nyingi majibu ambayo ningempa, na mengine ni mazuri sana, lakini siku ile sikutoa hata moja. Nilikuwa na kazi, nilitaka kuendelea kuwa nayo, nikasema sawa.

Jumapili ikafika. Mwalimu aliingia na sanduku lake, akakaa, akavaa hedifoni, akafumba macho. Taa nyekundu juu ya kioo ikawaka, ile inayomwonyesha mtu kwamba yuko hewani. Alieleza sehemu ya kwanza, akaipiga, na saa kumi na robo, sehemu ile ilipokuwa inakatika, niliushika ule mkono wa mtambo unaopeleka sauti hewani nikaushusha mpaka chini. Ile mashine ya matangazo nilikuwa nimeshaizima kama kila Jumapili, na hewani kukawa kimya kitupu. Taa nyekundu ikazimika, nami nikajipa moyo kwamba amefumba macho.

Aliendelea. Alieleza sehemu ya pili, akaipiga. Alieleza ya tatu kwa mzaha kuhusu mjomba aliyerudi kutoka Mtwapa na viatu visivyomtosha, na akacheka mwenyewe. Zaidi ya nusu saa alisema na watu ambao hawakumsikia, nami nyuma ya kioo nasikia kila neno kwenye spika yangu ndogo. Meneja alikaa kando ya simu mbili za ofisi. Hazikulia. Hazikutoa hata mlio wa ujumbe.

"Unaona?" alisema mwishowe, na hakuwa na furaha usoni. "Pole, dada. Hakuna mtu."

Nililia, sikujificha, na nyuma ya kioo sehemu ya mwisho ilikuwa bado inapigwa. Mwalimu alitoka, akafunga sanduku, akaniambia, "Kwaheri, Sauti ya Pili," akashuka ngazi polepole. Barua ya kumsimamisha ilichapwa jioni ile.

Jumatatu asubuhi nilikuta watu mapokezi. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani, utepe wa kupimia shingoni.

"Nimekuja kuuliza," alisema, "kile cha jana kilikuwa cha nani?"

"Kipi?" akauliza meneja.

"Kile kimya. Kirefu kile. Nimesikiliza vimya vya Mwalimu miaka yote hii, lakini kama kile, wallahi, sijapata kusikia. Ni cha mtungaji gani?"

Meneja alinitazama. Mimi niliitazama sakafu.

"Na mimi nataka jina," alisema mama wa mahamri, akijipenyeza. "Nimeepua karai, mafuta yamepoa, wateja wamejazana wanataka mahamri ya jioni. Nikawaambia ngojeni, Mwalimu hajamaliza. Wengine wamekaa chini. Mpaka nikaanza kusikia vitu, jamani. Nimesikia bahari, na mimi nakaa mbali na bahari."

Baba yangu naye alikuwepo, ametoka Ganda alfajiri na wenzake wawili. Akasema kwao hakuna aliyefungua mdomo mpaka taarifa ya habari. Wageni wa posa ya binti wa jirani walifika katikati, wakapokewa kwa mikono na kuonyeshwa pa kukaa, nao wakadhani ndiyo mila ya nyumba ile, wakanyamaza. Posa ilifaulu. Baba alisema haikuwahi kwenda kwa amani namna ile.

"Lakini kwa nini hamkupiga simu?" Meneja alikuwa karibu kupiga kelele. "Redio imekaa kimya muda wote ule! Hata mtu mmoja!"

Walimtazama kwa huruma, kama mtoto mpya darasani.

"Tupige vipi," alisema fundi cherehani, "na Mwalimu katukataza?"

Meneja alikaa. Baadaye kidogo akaikunja ile barua mara nne, akainama, akaichomeka chini ya mguu wa meza ya mapokezi iliyokuwa ikiyumba siku zote. Ipo mpaka leo, na meza imetulia.

Mwalimu alifika saa nne, kuchukua miwani aliyoisahau. Wote wakamgeukia kwa pamoja, wakamwuliza kile kimya. Aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akanitazama mimi, na nikaona sasa yamekwisha, sasa atasema.

"Mlikionaje?" akawauliza.

"Kirefu, Mwalimu," alisema muuza kahawa kutoka mlangoni, ambaye sikujua kwamba naye amekuja. "Lakini tulikaa."

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Hamkuharibu," akasema, akachukua miwani yake na kushuka.

Kipindi kiliendelea miaka mingine kadhaa, mpaka masikio yake yakaanza kuchoka. Aliliona mapema na akajiondoa mwenyewe, akanikabidhi lile sanduku bila hotuba. Sasa saa ya Jumapili naiendesha mimi. Sina ulimi wake. Nikisema mama mkwe kaingia watu wanangoja mama mkwe wa kweli. Lakini kimya nakilinda.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea Kilifi, kwa mpwa wake, anakokaa sasa si mbali na hospitali. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Vile vidude vya kumsaidia kusikia alivitia kwenye bakuli la sukari, anasema vinamletea kelele za majirani na hakuna cha maana.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema kwa nguvu.

"Marahaba. Usipige kelele, Sauti ya Pili, midomo naisoma. Juzi uliharakisha sehemu ya pili."

"Umejuaje? Husikii!"

"Mpwa wangu kaniambia. Nimemfunda."

Piano ilikuwa chumbani, imesafiri naye. Funguo nyingi zaidi zimekuwa bubu. Nilimsukumia kigoda, naye akakaa, na kabla hajaanza nikaona nisipolisema siku hiyo sitalisema tena.

"Mwalimu. Jumapili ile ya kimya kirefu. Ni mimi niliyeshusha sauti. Meneja aliniagiza, lakini mkono ulikuwa wangu. Nisamehe."

Alinitazama midomo mpaka nilipomaliza. "Najua," akasema. "Taa ilizimika saa kumi na robo."

"Lakini ulikuwa umefumba macho."

"Nani kakwambia nafumba? Nafumba nusu. Ningejuaje darasani nani anamfinya nani?"

Miaka yote ile. Nikamwuliza, kama alijua haendi hewani, mbona aliendelea muda wote ule, na maelezo yote, na mzaha wa viatu.

"Ningeachaje? Kulikuwa na mtu anasikiliza." Akapangusa funguo kwa ncha ya kanga. "Miaka yote naambiwa wapo, wapo, nami siwaoni. Siku ile mmoja nilimwona. Tena alikuwa analia pasipo mahali pake. Sehemu ile ni ya furaha."

Nilimpenda mwanamke yule saa ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu aliyenifundisha kitu chochote, na ningemwambia, lakini alikuwa ameshainamisha kichwa na kuanza. Funguo zilizobaki hai zilikuwa chache. Ilikuwa piano, mama, mama, mama, piano, mama, na sauti yake imekwaruza, naye hajisikii, na hakuna noti moja iliyokosea mahali pake. Alifika mwisho. Mikono ikabaki juu ya funguo.

Jua lilikuwa limeinama na nilikuwa na safari ya kurudi Malindi. Niliokota mkoba wangu taratibu, nikainuka kuaga. Macho yake yalikuwa yamefumba, au nusu. Aliinua kidole.

"Bado," akasema.

Nikakaa.